Darasa la Malindi na darasa la Italia kuandika mkataba pamoja, niwapange vipi?

mwalimu_barani
Asalaam aleikum jamaa. Nafunza sheria ya biashara, diploma, hapa Malindi. Muhula ujao tunashirikiana na darasa moja la Italia, wakae onlaini waandike mkataba wa kuuza korosho kutoka huku mpaka bandari ya Genova. Nilikuwa nataka wetu wawe wauzaji na wale wanunuzi, lakini naogopa, hawa wetu wamekua wakiona Mtaliano ni mgeni wa hoteli, wa kufurahishwa, sasa si watakubali kila kipengele? Aliyewahi kufanya anisaidie. Hata masaa yanitatiza.

bintishela
Waaleikum salaam mwalimu. Usiwagawe kwa nchi wallahi, itakuwa mechi. Changanya, kila upande uwe na wetu na wao. Mtaliano akiambiwa amtetee muuzaji wa Malindi ndo atauliza mzigo ukilala Kilindini nani analipa, na wetu akiwa mnunuzi atasahau mambo ya mgeni. Halafu wape bei ya CIF Genova (bei yenye bidhaa, bima na nauli mpaka Genova) uone vituko, wengi watadhani hatari ya mzigo kupotea au kuharibika ni ya muuzaji mpaka Genova, kumbe muuzaji analipa nauli na bima tu, hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini huku huku Mombasa. Wacha wagombane hapo, usiwaamulie haraka.

wakili_wa_pwani
Naunga mkono bintishela lakini kiini chenyewe mwalimu ni sheria ya nani, hapo ndo tofauti za watu zinatoka bila mtu kuzitafuta. Italia imo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya bidhaa, Kenya haimo, sisi tuko na Sale of Goods Act, Cap 31, tuliyorithi kwa Muingereza. Sasa wanafunzi wakiandika "sheria ya Italia itatumika" wakaishia hapo, wamejiingiza kwenye Vienna bila kujua maana ni sehemu ya sheria ya Italia, labda waseme wazi hawaitaki, na ruhusa hiyo wanayo, kifungu cha 6. Wape jaribio hili: mkataba ushasainiwa, muuzaji aombe bei iongezwe, mnunuzi aseme sawa, kisha ageuke. Wetu watasema ahadi haina nguvu kwa sababu muuzaji hakutoa kitu kipya, ndivyo tulivyofunzwa. Kwa Vienna kifungu cha 29 kukubaliana tu kunatosha. Watashangaana vizuri sana! Na wakifika kwa kesi waulize hukumu ya korti ya Italia itatekelezwa vipi hapa, Italia haimo kwenye orodha ya nchi za ile sheria yetu ya hukumu za nje, Cap 43, ndo maana watu wa biashara wanapenda usuluhishi (arbitration), maana Mkataba wa New York wa 1958, ule wa kutekeleza maamuzi ya wasuluhishi wa nje, nchi zote mbili zimo.

kijana_maweni
Masaa: kawaida tuko mbele yao masaa mawili, wakisogeza saa zao mwisho wa Machi inabaki moja. Na uandike 14:00, ukiandika saa nane, nusu yao watakuja usiku 😂 Bando la wanafunzi je? Video inakula, kazi nyingi zifanyike kwa maandishi, hata anayeona haya kuongea atapata nafasi.

mwalimu_barani
Shukran nyote, nachanganya makundi. Hiyo CIF naitia kwenye mtihani, msiwaambie.