Mrejesho: Tamron 150-600 ya EF kwenye Canon R10

Wakuu, niliwauliza kama lenzi ya Tamron 150-600 G2 (ya kuvuta vitu vya mbali, milimita 150 hadi 600), ile ya mdomo wa EF wa kamera za Canon za zamani, itafaa kwenye Canon R10 yenye mdomo mpya wa RF, na niifungeje kwenye stendi. Nimenunua iliyotumika, na inafanya kazi.

Adapta ya EF-EOS R, inayokaa kati ya lenzi na kamera, haina kioo ndani, ni pete tu yenye nyaya za mawasiliano. Inaziba pengo la milimita 24 kati ya mfumo wa EF na ule wa RF, basi. Picha haipungui ubora na fokasi inajiendesha yenyewe. Sensa ya R10 ni ndogo kuliko ya fremu kamili, kwa hiyo milimita 600 inaona kama 960. Mdiria wa ng'ambo ya mto nimempata mpaka manyoya ya kifuani.

Kazi iko kwenye kuifunga. Lenzi ina kilo 2 na ushee, kamera haifiki nusu kilo; ukifunga stendi kwenye kamera, mdomo ndio unabeba mzigo wote. Funga kwenye mguu ulio chini ya lenzi. Mguu wa G2 umeshachongwa kwa mtindo wa Arca-Swiss (umbo la reli linaloshikwa na vibano vingi), unaingia kwenye kibano cha stendi moja kwa moja. Kibano cha bei chee nilichoanza nacho kilikuwa kinalegea kila ukigeuza lenzi, nimekiweka kando.

Kwenye gari huko Mikumi stendi sikuigusa kabisa. Aliyeshauri kulaza lenzi kwenye mfuko wa mchele juu ya dirisha, shikamoo mkuu! Ila mwambie dereva azime injini, isitikise lenzi.