Cicaplast, mafuta ya mgando au shea: kipi kinarudisha ngozi iliyobabuka?

BaridiYaNjombe
Wadau, habari za jioni. Natumia tretinoini ya chunusi niliyoandikiwa na daktari, na baridi ya Julai ndiyo hii. Pembeni mwa pua na chini ya mdomo ngozi inabanduka, nikinawa hata maji matupu yanachonyota. Daktari amesema nipumzishe dawa, nipake kitu cha kurudisha kinga ya ngozi. Nimeanza krimu ya Cicaplast Baume B5, ile yenye panthenoli asilimia 5. Ni nzito, lakini nikiamka magamba yamelainika na uso haukazi tena. Shida yake inaacha weupe, na kopo la mafuta ya mgando ni rahisi mno ukilinganisha. Mliotumia vyote, mnasemaje?

MamaWawili
Pole mdogo wangu. Mwanangu ana pumu ya ngozi, na kilichotusaidia ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Akitoka kuoga namfuta juujuu, nampaka mwili ungali na majimaji. Ukisubiri akauke, unampaka bure.

MhudumuWaDawa
Nauza duka la dawa, na hivi viwili kwangu si washindani. Seli za juu za ngozi zimeshikizwa na mafuta yake yenyewe: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mshikizo huo ukilegea, maji yanatoka na vinavyochonyota vinaingia. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanazuia tu yaliyomo yasipotee, na kwa kazi hiyo sijaona cha kuyazidi. Panthenoli na glisirini ndizo zinazovuta maji na kuyashika. Ningekuwa wewe, usiku ningepaka Cicaplast uso ukiwa na unyevu, kisha mafuta ya mgando kidogo sana pale panapobanduka tu. Ukirudia tretinoini, usiifunike kwa mafuta ya mgando; inaweza kukuunguza zaidi.

MwanaLira
Mmeisahau siagi ya shea, ile ya kokwa za mti wa shea! Ya kwetu kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani. Kwa visigino, viwiko na mikono ya kufulia naipa namba moja. Usoni kwa mwenye chunusi, hapana, ajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya.

TangaRaha
Huku kwetu joto, mafuta ya mgando usoni mchana ni jasho na vipele. Cicaplast usiku, mchana losheni nyepesi yenye glisirini, basi.

Msomalebo
Jamani, tahadhari na makopo yasiyo na lebo yanayouzwa kwa jina la "kurudisha ngozi". Kitu kikituliza wekundu haraka mno, halafu ukiacha uso unawaka moto, kishuku kuwa kina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Kama viambato havijaandikwa, kirudishe rafuni.

BaridiYaNjombe
Asanteni sana, usiku nitachanganya kama alivyosema Mhudumu. Na mchana chini ya mafuta ya kukinga jua?

MhudumuWaDawa
Cicaplast hiyohiyo, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima. Ipashe kiganjani, kisha ibonyezebonyeze badala ya kusugua. Weupe utapungua sana. Subiri inywewe ndipo upake ya jua. Pakianza kutoa majimaji au usaha, acha vyote urudi kwa daktari wako.