Je, niendelee kuongoza sala ya familia wakati mimi mwenyewe nina mashaka?

Mama Watatu (swali)

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu. Mama yangu mzazi alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na katika kipindi chote hicho tulimwombea kila jioni nyumbani, kila mtoto akimtaja bibi yake kwa maneno yake mwenyewe. Sasa mtoto wangu wa kati ameniuliza kama Mungu alitusikia, nami nimeshindwa kumjibu, kwa kuwa hilo ndilo swali ninalolala nalo na kuamka nalo. Ibadani ninakwenda na nyimbo ninaimba, lakini nikifumba macho kuomba ninahisi kwamba maneno yangu hayafiki popote. Waombolezaji waliniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ninajua walisema kwa upendo, ila baada ya hapo sikuthubutu tena kumweleza mtu yeyote yaliyomo moyoni. Mume wangu husafiri kikazi, kwa hiyo sala ya jioni huniangukia mimi. Je, ni unafiki kuwaongoza watoto katika sala ambayo sina hakika nayo? Niiache kwanza mpaka imani irudi?

Mzee wa Kanisa

Pole sana, binti yangu. Ushauri wangu ni kwamba usiiache.

Katika misiba hunukuliwa sana maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, lakini wengi wetu huishia hapo katika sura ya 1 kana kwamba kitabu kimekwisha. Kuanzia sura ya 3 mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, anamlalamikia Mungu waziwazi na kumtaka ajibu, na kwa sura nyingi hapati jibu lolote. Hatimaye, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale marafiki watatu waliodhani wanamtetea, akisema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Marafiki hao walikuwa wamefanya vema walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno. Walianza kumwumiza walipoanza kumweleza sababu za mateso yake. Kwa hiyo malalamiko yako hayajakutoa mbele za Mungu. Yule baba katika Marko 9, aliyemleta mtoto wake mgonjwa kwa Yesu, alisema kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba asaidiwe kutokuamini kwake, na Bwana hakumwambia aende akaikamilishe imani yake kwanza ndipo amlete mtoto.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Poleni kwa msiba. Naomba niongeze tahadhari, kwa sababu ninawafundisha watoto na ninaona wanavyotutazama. Yakobo 1:6 inasema tuombe kwa imani pasipo shaka yoyote, na sidhani kwamba tunaruhusiwa kuuruka mstari huo kwa sababu tu unatuuma. Mtoto hawezi kubeba uzito wa mashaka ya mzazi wake. Ningekushauri umtafute mchungaji au mama mmoja wa imani unayemwamini, umwambie yote bila kuficha, ili mbele ya watoto usilazimike kusema zaidi ya wanavyoweza kupokea.

Baba Mjane

Mwalimu amesema vema kuhusu kutafuta mtu wa kuzungumza naye, na hilo lisicheleweshwe. Hata hivyo, Yakobo katika mistari ile anazungumza juu ya kuomba hekima, na anayemkemea ni mtu wa nia mbili, yaani asiyeamua amtegemee nani. Mtu aliyefiwa ambaye bado anamgeukia Mungu na kumwuliza mbona amenyamaza hana nia mbili, ana jeraha. Waraka wa Yuda nao, mstari wa 22, unatuagiza kuwahurumia walio na shaka.

Kuhusu swali la mtoto, nami niliulizwa hivyo hivyo na wanangu mama yao alipofariki, na naona ndipo penye kiini cha jambo hili. Niliwasomea habari za Gethsemane. Usiku wa kuamkia kufa kwake, Yesu aliomba mara tatu kikombe kile cha mateso kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Lakini Waebrania 5:7 inasema kwamba aliomba kwa kulia sana na machozi, naye akasikilizwa. Niliusoma mstari huo mara nyingi kabla sijathubutu kuwasomea. Alisikilizwa, na bado alikufa. Basi niliwaambia wanangu kwamba Mungu alitusikia, kwamba hakutupa tulichoomba, na kwamba baba yao hajui ni kwa nini. Mkubwa alikasirika, nikamwacha akasirike. Sikumwambia kwamba Mungu alimpenda mama yake zaidi yetu, maana mtoto akisikia hivyo anaweza kumwona Mungu kama mnyang'anyi.

Mama Watatu

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nitazungumza na mchungaji. Baba, maneno yako juu ya Gethsemane nitayatumia. Kinachobaki ni jambo dogo, lakini ndilo linalonisumbua kila jioni: zamu yangu ikifika, sina maneno kabisa.

Baba Mjane

Dada yangu, usiyatafute. Someni Sala ya Bwana kwa pamoja, hata kama hiyo ndiyo sala yote ya siku hiyo, kwa sababu maneno yake hukuyatunga wewe na hayakutegemei wewe. Siku nyingine mpe mmoja wa watoto asome Zaburi ya 13, inayoanza kwa kuuliza hata lini Bwana atanisahau, au wewe mwenyewe usome ya 88 wakiisha kulala, ambayo inaishia gizani bila faraja yoyote na bado imo ndani ya Biblia kama sala. Wasali wao, nawe useme amina. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na mimi kwa miezi mingi sikuwa na sala nyingine zaidi ya hiyo. Baba watoto naye mwambie ukweli huu. Akiwa safarini anaweza kupiga simu saa ya sala na kuiongoza kutoka huko aliko, nawe ukapumzika.