Tanga kwa siku mbili mbili: ni mji au ni marafiki?

Swali: Habari za jioni, wadau. Tangu mwaka juzi, mimi na wenzangu watatu hutoka Dar es Salaam Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, na karibu kila safari huishia Tanga. Tumeingia mapango ya Amboni, tumeogelea Raskazone, na tumegombania mshikaki wa mwisho huku mafuta yakitiririka hadi viwikoni. Sasa ninataka kuhamia huko, lakini nina shaka: je, ninaupenda mji wenyewe, au ninapenda kuwa na wenzangu?

Jibu la kwanza: Mgosi mtarajiwa, yaani mtu wa Tanga mtarajiwa, msemo wetu wa “waja leo waondoka leo” umeshakupata. Njoo peke yako siku ya Jumanne, ukodi baiskeli, uzipite barabara za namba za Ngamiani wakati maduka yanafunguliwa na hakuna mtu wa kukuchekesha.

Jibu la pili: Sikubaliani kabisa. Mimi pia niliupenda mji huu kupitia marafiki, nikahamia, na hadi leo siwezi kuyatazama makaburi ya kale ya Tongoni, kilomita kama 20 kusini, bila kumkumbuka rafiki yetu aliyepotezea ndala moja matopeni pale. Kinachonichosha ni joto la Januari tu.

Muulizaji: Ahsanteni. Jumanne ijayo nitakuja peke yangu, ingawa wenzangu wameshanuna.