Ushauri: mtaa wa maduka karibu na Soko Kuu Arusha, tuta, zebra au nini?

Dukani_Arusha: Wakuu, habari za leo. Wenye maduka wa mtaa mmoja karibu na Soko Kuu tunaandaa barua. Lami ina upana wa mita 11, magari yanaegeshwa pande zote mbili, vifodi (daladala ndogo) na bodaboda hukimbia sana alfajiri kabla ya foleni. Zebra ipo ila imefutika. Wengi wanataka tuchange simenti tumwage tuta wenyewe. Ni sawa? Na kama si hivyo, tuombe nini hasa?

FundiKingo: Simenti iacheni dukani. Huruhusiwi kumwaga kitu barabarani bila kibali cha mwenye barabara, na tuta la kienyeji huwa jembamba lenye mgongo mkali: bodaboda hupenya pembeni, gari linapasua sampo (bakuli la oili chini ya injini), mwisho mtu analibomoa usiku. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), barabara kuu na za mkoa ni TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Hakikisheni hilo kabla ya kugonga muhuri.

Ugonjwa wenu ni upana. Mtu wa kawaida hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo mita 11 ni sekunde 9. Aliyebeba ndoo kichwani na kushika mtoto anafika 11. Na mita 4 kati ya hizo ni za maegesho! Ombeni kingo, yaani ukuta mfupi wa zege unaotenga njia ya miguu na lami, zisogezwe mbele mita 2 kila upande pale penye kivuko. Zinabaki mita 7, sekunde 6, na mvukaji anaonekana akiwa bado juu ya kingo, badala ya kuchungulia katikati ya gari mbili za Noah zilizoegeshwa.

Halafu zebra yenyewe iinuliwe: kimo sm 10, juu iwe bapa mita 4, mteremko wa mita 1.5 kila upande. Dereva atapunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa hivi bila kuvunja gari. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari huhitaji karibu mita 28 kusimama kwenye lami kavu, ukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa 30 ni kama mita 13.

LamiNyeusi: Umesahau maji, mkuu. Zebra iliyoinuliwa kutoka kingo hadi kingo, masika ikifika, ni bwawa. Mji wetu unateremka kutoka Mlima Meru, maji yanashuka na mchanga na chupa. Acheni mfereji wa sm 30 kando ya kila kingo, ufunikwe kwa vipande vya zege au wavu wa chuma unaoinulika. Ukifungwa moja kwa moja haupati wa kuuzibua, unaziba msimu wa kwanza, watu wanakwepa dimbwi na kuvukia pembeni. Hela imekwenda. Matundu ya wavu yakingame na njia ya anayevuka, la sivyo gurudumu la kiti cha mlemavu litanasa.

MamaVitenge: Na machinga? Mkipanua njia ya miguu, kesho imejaa mitumba.

FundiKingo: Itajaa, dada, tusidanganyane. Kubalianeni nao meza zikae upande mmoja tu, mita 2 zibaki wazi za kupita, na pale kingo ilipotokeza pasiwekwe kitu kabisa kwa sababu meza humficha mtoto kama gari linavyomficha. Nguzo fupi kila mita 1.2 zitazuia magari kupanda. Bodaboda hazizuiliki kwa nguzo, hiyo ni kazi ya trafiki.

Dukani_Arusha: Asanteni. Rangi ipi? Na mhandisi tumwonyeshe nini?

LamiNyeusi: Rangi inayoyeyushwa kwa moto na kunyunyiziwa chembe za kioo. Ya kopo inafutika upesi, na usiku wa mvua haionekani.

Kwa mhandisi, hesabuni wanaovuka siku ya Jumamosi, saa 4 hadi 5 asubuhi na saa 11 hadi 12 jioni. Mtu mmoja kila mita 50, apige chaki kila mahali mtu anapoanza kuvuka. Chaki itarundikana mbele ya mlango wa soko au kituo cha vifodi. Kivuko kiwe hapo, hata kama kwenye mchoro kinapendeza zaidi kwenye kona. Ambatanisheni mchoro wenye vipimo na picha za siku ya mvua, nakala kwa diwani na trafiki. Ombeni pia maegesho yakome mita 10 kabla ya zebra. Wenye maduka ya hapo watalalamika kuhusu nafasi mbili za magari, ongeeni nao kabla barua haijatoka.