Tupeane uzoefu: kipimo cha mkojo kilikuonyesha mimba lini?

Kina dada, kila mara kuna anayeuliza kama anaweza kupima kabla hedhi haijachelewa. Leo kila mtu aseme yaliyomkuta.

Naanza mimi, niko Arua. Hedhi yangu haiyumbi, siku 28. Nilipima kabla ya tarehe yake, mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Ilipopitiliza wiki, miwili, tena imekolea! Nesi akanieleza kuwa mimba hujishikiza siku 6 hadi 12 baada ya yai kupevuka, na homoni ya hCG ndipo inapoanza kutengenezwa. Mwanzoni huongezeka maradufu kila siku 2 au 3. Ukiwahi, kipimo hakina cha kukamata.

MamaBusia: Mstari wangu wa pili ulikuwa hafifu, mzee akasema hamna kitu. Nikamvuta mlangoni kwenye mwanga, akanyamaza. Ukitokea ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, hata uwe hafifu, hesabu una mimba, kisha kathibitishe kituoni. Unaojitokeza baada ya nusu saa usiuamini, ni mkojo umekauka.

Kasese_binti: Mimi nilijua ni malaria. Kichefuchefu, uchovu, sitaki hata kunusa matooke. Mhudumu akauliza hedhi ya mwisho, akapima vyote viwili. Malaria hakuna, mimba ipo. Siku hizi nasema mwenyewe kabla sijaandikiwa dawa, maana si zote zinazofaa miezi ya mwanzo.

Nyabo wa Nakawa: Na sisi tulioacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, tusubiri hedhi ipi? Yangu ilishapotea. Kliniki waliniambia nihesabu siku 21 tangu tendo la mwisho bila kinga, ndipo nipime. Ilifanya kazi.

Jinja_mtoni: Kipimo kikisema ndiyo, halafu tumbo linauma upande mmoja au damu inatoka, acheni kuulizana humu, nendeni hospitali. Mdogo wangu mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi. Kizunguzungu, bega linauma, akapasuliwa usiku uleule.

Mgeni_Mbale: Hedhi imechelewa siku 3, nimepima mchana, mstari mmoja. Nikate tamaa?

Mwanzisha mada: Hapana, mama. Huenda yai lilichelewa kupevuka. Rudia wiki ijayo kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, usijijaze maji kabla, na utazame tarehe ya kuisha kwenye pakiti. Bei yake haizidi ya rolex, ile chapati ya mayai. Hedhi isipokuja na mstari ukabaki mmoja, nenda kituo cha afya. Gulu na Mbarara, bado hatujawasikia.