MJADALA: Bodi za shule za Kifaransa Montréal, kura irudi au tubaki na "vituo vya huduma"?

Mama Neema, Saint-Michel
Jamani, Jumapili baada ya ibada tulibishana hadi chai ikapoa, nikaona bora nilete huku. Walio mbali niwape kisa kwa ufupi. Shule za umma za Kifaransa katika kisiwa cha Montréal zimegawanywa mafungu matatu: katikati ni CSSDM (kituo cha huduma za shule cha Montréal), magharibi Marguerite-Bourgeoys, mashariki Pointe-de-l'Île. Hadi 2020 kila fungu lilikuwa na bodi ya makamishna waliopigiwa kura. Februari mwaka huo serikali ya Québec, jimbo letu hapa Kanada, ilifunga mjadala bungeni, ikapitisha Sheria namba 40 usiku wa manane, na makamishna wa upande wa Kifaransa wakawa hawana kazi. Juni bodi zikabatizwa jina jipya, "vituo vya huduma za shule". Wa upande wa Kiingereza walikimbilia mahakamani wakidai haki ya wachache kusimamia shule zao, na Novemba 2024 walipiga kura kama kawaida.

Swali: na sisi turudishiwe kura? Mimi nasema ndiyo, lakini apige kila mzazi, awe raia asiwe raia. Haya, nirushieni mawe.

Baba Amani, Montréal-Nord
Yaya Neema, nakuheshimu, lakini kura unayoililia ilikuwa maiti kabla ya kuzikwa. Uchaguzi wa 2014, katika watu 100 wenye haki ya kupiga, walijitokeza kama 5. Watano! Kwetu Bukavu hata kikao cha kuchangia msiba hakifunguliwi na idadi hiyo.

Halafu iliyokuwepo ilikuwa ya raia tu. Miye nilikaa na karatasi za ukazi miaka mingi, watoto wawili wako shuleni, kodi nalipa, na debe la kura nililiona kwenye televisheni. Leo mzazi yeyote anaweza kugombea kamati ya shule, haulizwi pasipoti. Mnataka kuturudisha mlangoni?

Wanjiku wa Côte-des-Neiges
Kwanza, kwenu "yaya" ni dada mkubwa, lakini kwetu ni yule anayelea mtoto wa mwingine kwa mshahara, kwa hivyo nilishtuka kidogo 😂

Pili, mnagombania usukani wa gari ambalo mimi nilipakiwa bila kuulizwa. Tangu Sheria 101 ya 1977, mtoto wa mhamiaji lazima asome kwa Kifaransa mpaka amalize sekondari, isipokuwa mzazi wake alisoma sehemu kubwa ya msingi kwa Kiingereza hapa Kanada. Mimi nilisoma Nakuru. Nakuru haihesabiwi. Barua ya shule ikija namtafuta binti yangu wa darasa la tano anitafsirie, na kama barua inamsema yeye, basi tafsiri huwa fupi sana. Mtu kama mimi nikipewa hiyo kura nitaisomaje?

Mama Neema
Wanjiku, Sheria 101 tuiwekee siku yake, tukianza hapo hatulali. Lakini umegusa penyewe. Mlazimishwaji ndiye anayestahili kuulizwa zaidi. Ukishaniambia mwanangu hana njia nyingine ila shule yako, basi nipe sauti ndani yake.

Mwalimu wa accueil
Nafundisha darasa la watoto wapya wanaoanza Kifaransa. Sitasema wapi.

Baba Amani, umeeleza nusu. Kweli, juu ya kamati za shule kuna baraza la kituo lenye viti 15: 5 vya wazazi, 5 vya wafanyakazi, 5 vya watu wa jamii. Kwa macho panapendeza. Lakini mwisho wa 2023 ilipita Sheria namba 23. Sasa mkurugenzi mkuu wa kituo anateuliwa na serikali kwa pendekezo la waziri, na waziri anaweza kufuta uamuzi wa kituo akiona haumpendezi. Nikuulize: anayeteuliwa na waziri ataogopa simu ya nani, yake au ya mzazi wa Saint-Michel?

Makamishna wa zamani hawakuwa malaika, lakini walikuwa na mdomo. Juni 2019, sheria ya kuwakataza walimu kuvaa hijabu, msalaba au kilemba ilipopita, bodi ya Montréal ilipiga kura kuahirisha utekelezaji kwa mwaka mzima ili kwanza iwasikilize watu. Waziri alikasirika, na hawakufika mbali. Ila walisema hadharani. Nitajieni kituo kimoja kinachoweza kusema hivyo leo.

Baba Amani
Mdomo haujazi dawati, Mwalimu. Na Bedford je? Oktoba 2024 walimu 11 wa shule hiyo ya CSSDM walisimamishwa kazi baada ya ripoti ya wizara kueleza jinsi kundi la walimu lilivyotawala shule na watoto wakaumia. Mambo yale hayakuanza 2020. Yalianza wakati makamishna wenu wa kura wamekaa vitini.

Mwalimu wa accueil
Na yakaendelea wakati vituo vyenu vipo, mpaka mwandishi wa redio akayafumua. Hapo tumepigwa wote wawili, tusigombanie nani kapigwa zaidi.

Juma wa Toronto
Niwachekeshe. Huku Ontario wanaozungumza Kifaransa ni wachache, na shule zao za umma za Toronto zisizo za Kikatoliki ziko chini ya bodi ya Viamonde. Wajumbe wake hupigiwa kura na watu siku ileile ya uchaguzi wa madiwani wa jiji, kama ilivyokuwa 2022. Yaani Mfaransa wa huku, kwa kuwa ni mchache, katiba inamlinda. Mfaransa wa Montréal, mwenye nyumba, kapokonywa kura na serikali yake mwenyewe, na jirani yake Mwingereza anapiga yake. Sijawahi kuona mwenye shamba anayeomba muhogo kwa mpangaji.

Wanjiku wa Côte-des-Neiges
Juma 😂😂 lakini ni kweli.

Mama Neema
Acha nimjibu Baba Amani kwa yaliyonipata. Nilikaa mwaka mmoja kwenye kamati ya shule moja, jina nalihifadhi. Kikao saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati wa kupika. Makaratasi ya bajeti yanatumwa mchana wa siku ileile, kurasa zaidi ya 40. Mimi nimesoma Kifaransa tangu darasa la kwanza Bujumbura, lakini kile Kifaransa cha bajeti sikukijua. Tukafika ukurasa wa pili, mwenyekiti akauliza "nani anaunga mkono?", mikono ikapanda, na wangu ukapanda. Mpaka leo sijui niliunga mkono nini. Kiti nilikuwa nacho, Baba Amani. Kamishna aliyetaka kura yangu angalau angekuja kunifafanulia.

Baba Amani
Kamishna angekujia na kalamu yenye jina lake, na miaka minne usimwone tena. Tunawajua.

Lakini hilo la makaratasi nakubali. Wangeleta wiki moja kabla, na mtu wa kutafsiri, nusu ya ugomvi huu ingekwisha.

Mwalimu wa accueil
Nusu nyingine ni ya waziri. Wakati wa mgomo wetu walimu wa 2023, shule zimefungwa tangu Novemba 23 hadi mwisho wa Desemba, wazazi wa darasa langu hawakuwa na mtu wa kumpigia simu. Kituo kilisema mazungumzo yako kwa serikali. Wakati wa makamishna ungemwendea mmoja nyumbani ukamgongea. Angekudanganya labda, lakini angefungua mlango.

Mama Neema
Basi tufanye hivi. Mkutano mkuu wa wazazi lazima uitishwe kabla Septemba haijaisha, kila shule, na hapo ndipo kamati inapochaguliwa. Baba Amani unayekipenda kiti, nakupendekeza mwenyewe, na yaya Neema atakupikia siku za kikao.

Baba Amani
Pendekeza. Ila kikiangukia Alhamisi nina zamu ya usiku.